S.Pellegrino (maji ya gesi) baada ya kukatwa tumbo: nimerudi kwa gesi baada ya miezi saba

Nianze na aibu yangu kwanza. Mimi nilifanyiwa sleeve India mwaka jana, wale msioijua ni operesheni ya kupunguza uzito, wanakata mfuko wa chakula zaidi ya robo tatu wanatupa, unabaki na kamfuko kembamba kama bogoya, ile ndizi mbivu. Nikaambiwa hakuna soda. Nikasema sawa daktari. Mwezi wa tatu baada ya operesheni kukawa na kwanjula kwetu, ile sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi, jua linawaka, kreti za soda zimepangwa mpaka nje ya tenti, na mnajua Uganda mgeni kumpa maji matupu ni kama umemfukuza, basi nikaletewa soda ya tangawizi ya baridi, nikasema kidogo tu. Nilimeza mara tatu. Jamani! Ile gesi ikafika chini ikakosa pa kwenda, nikahisi kama mtu ananisukuma na kiwiko kutoka ndani hapa chini ya kifua, nikatoka na gomesi langu (gauni letu refu la sherehe) nikaenda kuinama nyuma ya tenti jasho linanitoka, na senga wangu, yaani shangazi, aliponiona akaanza kuwanong'oneza watu kwamba nina mimba. Mpaka leo kuna wanaosubiri mtoto.

Kwa hiyo hii review naandika nikiwa na adabu.

Daktari wangu wa hapa Kampala nilimuuliza, hivi ni kweli soda inatanua tumbo likarudi kama zamani? Akaniambia ile sehemu ya juu inayovimba kama puto ndo hiyo waliyoitoa, yeye shida yake ni gesi, kiungulia, na sukari. Soda ndogo ya chupa ya 300 ml ina sukari karibu vijiko vinane vya chai, na inateremka chap bila kukushibisha. Rafiki yangu aliyefanyiwa bypass (ile operesheni ya kuunganisha kamfuko kadogo ka tumbo na utumbo) ndo kabisa, nusu soda tu moyo unamwenda mbio, jasho, anatafuta kitanda. Daktari akanipa ruhusa baada ya miezi sita, lakini nianze na kitu kisicho na sukari wala kafeini, bila mrija maana mrija unakuingizia na hewa juu yake, na nisinywe na chakula, nikila nisubiri nusu saa. Madaktari wengine wanakataza maisha yote, we msikilize wa kwako.

Sasa hiyo S.Pellegrino. Ni maji ya gesi ya Italia, nilipata ile kubwa ya kioo ya 750 ml kwenye supamaketi moja hapa mjini. Bei inauma, sitawadanganya, kwa hela ile duka la mtaani unapata soda nne na chenji ya boda. Ila nilichopenda gesi yake ni ya upole, vipovu vidogo vidogo, si kama zile soda zinazokupiga puani. Namimina nusu glasi, nakoroga na kijiko vipovu vinapanda vyote juu vinatoa sauti kama mafuta ya kukaangia kwa mbali, naacha dakika ishirini iondoke baridi, maana maji yakiwa baridi yanashika gesi halafu yakifika tumboni kwenye joto ndo inatoka yote kwa mpigo. Hilo ndo lilinimaliza kwenye kwanjula.

Siku ya kwanza nilishika funda mdomoni mpaka likatulia, nikameza, nikakaa namsikiliza bogoya wangu. Kimya. Halafu ikaja mbweu moja ndogo, safi, na wallahi nilikaribia kulia, miezi saba sijacheua vizuri! Nikagundua kumbe utamu wa soda wala sikuumisi, nilimisi ule mwasho kwenye koo. Ile nusu glasi ilinichukua dakika arobaini.

Ladha ina kachumvi fulani, mtoto wangu kaonja akasema maji ya betri. Nikikamulia ndimu inakuwa poa, ingawa usiku ndimu siiweki kwa sababu ya kiungulia. Na kuna siku nilijisahau nikanywa dakika tano tu baada ya matoke na njugu, yote yakapanda mpaka kooni, hapo kosa si la maji ni langu.

Kama umetoka theatre juzi usiiguse, na kama unataka ladha ya soda utajuta hela yako. Mimi naipa nyota nne, ya tano nimeinyima kwa ajili ya bei. Kifuniko kinafungika tena, chupa moja inanipeleka siku tano sita. Hii ya sasa iko kwenye friji tangu Jumapili, imebaki nusu na gesi imeisha karibu yote, na mimi ndo naipenda hivyo hivyo.