Portra 400, Ektar 100 na Gold 200: chembe zake nilivyoziona

Gold 200, filamu ya rangi ya Kodak kama hizo nyingine mbili, nilishaihukumu zamani: ina chembe nyingi, vile vidoa vidogo vinavyoikwaruza picha, basi. Mkanda wangu wa kwanza ulitoka vivuli vyote kama vimemwagiwa mchanga. Kumbe kosa lilikuwa langu. Nilimpiga picha mtu aliyeligeuzia dirisha mgongo, kipima mwanga kikababaishwa na mwanga wa dirisha, nami nikakifuata, filamu ikakosa mwanga.

Safari hii nimepiga mikanda mitatu ya milimita 35, mmoja wa kila aina, kwa lenzi ileile na mtu yuleyule: dada yangu, fulana nyekundu, kakaa kwenye kiti cha ukindu kivulini. Kila pozi mara tatu: kwa kipimo chenyewe, stopu moja chini (mwanga nusu), stopu moja juu (mwanga mara mbili). Mikanda yote ikasafishwa pamoja, na kwenye skana nikazima kile kipengele cha kunoa picha, maana hicho huzichongoa chembe hata zionekane kubwa kuliko zilivyo.

Kwa Ektar chembe nilizitafuta. Mpaka nikuze anga ya buluu kwenye skrini ndipo nazipata, tena kwa kukaza macho. Fulana imeiva wekundu kuliko nilivyoizoea. Ngozi nayo ikavutwa hukohuko, kwa hiyo mandhari ningeipigia hii, sura za watu hapana.

Portra 400 ndiyo ya sura. Ina kasi, yaani wepesi wa kunasa mwanga, ya stopu mbili zaidi ya Ektar (ndiyo hizo namba 400 na 100), na chembe zipo, ila laini kama unga uliochekechwa. Shavuni mwa dada, mwanga unaingia kivulini bila mtu kuona mpaka uko wapi.

Gold ina umanjano wa jioni, na chembe zake ni nene kuliko za Portra japo kasi yake ni nusu. Hilo lilinishangaza, nilidhani namba ndogo siku zote ni chembe ndogo. Portra ni filamu ya gharama zaidi, na hapa inaonekana kwa nini.

Lakini tofauti kubwa niliikuta ndani ya mkanda mmoja. Filamu ya rangi ikishasafishwa, fedha yote huondolewa, kunabaki vijiwingu vya rangi. Penye mwanga wa kutosha vijiwingu hulaliana na kuzibana mapengo. Penye giza vinakuwa vichache, skana inalazimisha kupaangaza, na mapengo yanajitokeza. Ndiyo maana Portra niliyoipunja stopu moja ilikuwa na vivuli vichafu kuliko Gold niliyoiongezea stopu moja! Nimezipanga picha hizo mbili ubavu kwa ubavu mara kadhaa nikidhani nimechanganya negativu.

Kwenye hiyo Gold, chini ya kiti, palepale ambapo mkanda wa kwanza ungekuwa mchanga mtupu, nimeweza kuhesabu mishono ya ukindu. Kamerani sasa hivi mna Gold nyingine, nimeitegea ISO 100, yaani kamera ihesabu kasi yake ni nusu na kuipa stopu moja zaidi.