Zawadi za mpenzi aliye mbali: zipi zina maana na zipi ni kutupa hela

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena. Meza leo imejaa kama mnavyoona, kuna bangili, kuna taa, kuna fremu ya picha, kuna huyu dubu hapa, na huku pembeni kuna khanga, msijiulize inafanya nini kwenye video ya vifaa, tutafika tu. Inboksi yangu imejaa swali moja, dada mtu wangu yuko mbali nimpe nini, mwingine wake yuko Mwanza, mwingine Texas, na mnajua wangu mimi yuko Dubai, kwa hiyo hivi vitu nimevinunua kwa hela yangu na vimetumika, hakuna kampuni iliyonilipa hapa.

Kabla sijagusa kitu niwaambie napima vipi. Mi siangalii sana uzuri wala bei, naangalia hii zawadi inamtaka mtu afanye nini kila siku ili ifanye kazi. Mtu katoka shifti ya masaa kumi na mbili, miguu imevimba, halafu zawadi yako inamdai achaji, aunganishe waifai, aapdeti apu, akisahau siku mbili unamnunia. Hiyo siyo zawadi, umempa ajira ya pili.

Haya tuanze na bangili za kugusana, maana ndo mnaziulizia kuliko zote. Ngoja nisogeze kwenye kamera. Huu mkanda ni wa silikoni, unachomoka unaosha, na hapa katikati kuna hiki kidude cheusi ndo unachokigusa, ukigonga hivi, gonga gonga, ya mwenzako kule inatetema na kitaa kinawaka rangi mliyochagua. Sasa watu wanadhani bangili inaongea na bangili, hapana. Bangili yako inaongea na simu yako kwa bluetuthi, simu inatuma kwa intaneti, inafika kwenye simu ya mwenzako, ndo simu yake inaitetemesha bangili yake. Maana yake simu zote mbili ziwe na chaji, ziwe na bando, bluetuthi iwe imewashwa na ile apu iwe hai. Kimoja kikikatika hapo katikati unagonga mkono wako mwenyewe kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo.

Na simu nyingi za Android tunazotumia huku zina tabia ya kuua apu zinazokaa nyuma ili kubana chaji, kwa hiyo mwanzo itafanya kazi vizuri mnacheka, baadae kimya, unaanza kufikiria mambo mengine kabisa kumbe ni simu tu imeilaza apu. Nenda kwenye setingi, sehemu ya betri, itafute ile apu uiruhusu ikae nyuma bila kubanwa, na mwenzako afanye hivyo hivyo, ukifanya kwako tu haisaidii. Ikikubali ni tamu sikatai, unapika ghafla mkono unatetema unajua kanikumbuka. Ila kama wako ni mlinzi au anafanya jikoni hotelini muulize kwanza kama anaruhusiwa kuvaa kitu mkononi, wengi hawaruhusiwi, ataivua asubuhi na kuivaa anapolala, hapo umenunua bangili ya ndotoni.

Taa. Hizi zinauzwa mbili mbili, ukigusa yako ya kwake inawaka huko aliko, na yenyewe haipiti kwenye simu, inaingia moja kwa moja kwenye waifai, simu unaihitaji siku ya kuiseti tu. Sasa hapa ndo wengi mnaliwa hela. Nyingi ya hizi taa zinashika waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 tu, ile ya gigahezi 5 haziioni kabisa. Na zinataka waifai yenye nywila ya kawaida, ile ya hosteli au ya kambi ambayo ukiunganisha inakufungulia ukurasa wa kujaza namba ya simu, taa haina skrini wala kidole, itajaza na nini? Haiingii. Na jamani, wenye watu Dubai mnajua maisha ya bedspes, yaani mtu anapanga kitanda tu siyo chumba, chumba kimoja mtaa wa Deira vitanda vya juu na chini, huyu kaingia usiku, huyu anaamka saa kumi alfajiri, wewe uko Tabata usingizi hauji unagusa taa yako, kule chumba kizima kinawaka bluu na watu wanne wanaanza kumtukana mumeo. Taa ni ya mtu mwenye chumba chake na waifai yake. Mwanafunzi aliyepanga Ulaya, sawa. Wa bedspes, msimtie matatizoni.

Fremu ya picha hii nimeipenda, lakini siyo kwa namna wanavyoitangaza. Inavyofanya kazi, unatuma picha kupitia apu inatokea kwenye fremu popote ilipo ili mradi iko kwenye waifai. Wote wanafikiria kumpelekea aliyesafiri. Mi nasema igeuzeni, iwekeni nyumbani kwa aliyebaki, na aliyeko mbali ndo awe anatuma. Yangu iko sebuleni, baba yao akipiga picha ya daladala za huko za kwenye maji, zile abra, watoto wanaiona wakirudi shule bila mtu kushika simu, na mama mkwe ambaye simu janja haimtaki na yeye hajaitaka anakaa pale anamwangalia mwanae. Yeye hana cha kufanya, kazi ni ya mtumaji. Angalia chaja yake tu, pawe pameandikwa volti 100 mpaka 240, ikiwa hivyo umeme wa kwetu na wa Marekani yote inakula, na plagi Tanzania na Dubai ni zile zile za miguu mitatu ya bapa, ya Marekani ndo utatafuta adapta.

Dubu mwenye sauti sina mengi, ukimbonyeza anasema ulichorekodi, sekunde chache basi, betri za vidonge zikiisha anakuwa dubu wa kawaida. Mtoto atampenda. Mwanaume wa miaka thelathini na tano sijui. Kama unataka asikie sauti yako mtumie voisi noti, tena kwa wenye watu Emirates, nchi ilipo Dubai, hizo ndo roho yetu, kwa sababu kule kupiga simu ya WhatsApp haiendi, meseji na voisi noti zinaenda ila kupiga ndo hapana, watu wanatumia apu ya Botim au wanalipia kifurushi cha simu za intaneti cha mtandao wa kule. Kwa hiyo ukimlipia mwenzako kifurushi cha mwezi ni zawadi halali kabisa na ataitumia kuliko hiyo taa.

Haya sasa shikeni, khanga. Najua kuna wanaosema dada mwanaume nimpe khanga? Ndiyo. Mwanaume gani wa Pwani hajalala na khanga ya mkewe. Angalieni hii, doti ikitoka dukani inakuwa haijakatwa, vipande viwili vimeungana, pindo lile lile, mji wa katikati ule ule, jina lile lile, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Unakata hapa kwenye mstari, unampa fundi apinde kingo, kipande kimoja kinapanda ndege, kingine kinabaki kitandani kwako. Mnajifunika nguo moja mkiwa nchi mbili, haitaki chaji, haitaki bando, na hakuna mwenye chumba atakayelalamika. Ukifika Kariakoo mtaa wa Uhuru unachagua mpaka unachoka, na kwa bei ya seti moja ya zile taa unatoka na mzigo wa kuvaa mwaka.

Ila ifanyieni kazi kabla ya kutuma. Khanga mpya ina wanga, ni ngumu inakwaruza, na hizi nyekundu zinachuja, kwa hiyo ifue peke yake, ianike kivulini, rudia mpaka maji yawe meupe. Halafu ivae. Ndiyo, lalia siku kadhaa, usimpe nguo ya dukani. Mwisho weka udi kwenye chetezo, ifukize ikiwa kavu kabisa, ikunje ikiwa bado na joto la moshi, tia kwenye mfuko wa nailoni toa hewa funga. Akiufungua kule hapo sihitaji kuwaelezea.

Na someni jina kabla ya kulipa! Mtu anapenda rangi analipa, anafika nyumbani kumbe kanunua ya kumsema jirani. Kwa mtu aliye mbali mi nilichukua Japo sipati tamaa sikati, akacheka huyo, akaniambia hilo ni jina au ni lalamiko. Usije ukamtumia yenye Fimbo ya mbali haiui nyoka, utakuwa umemaliza mwenyewe.

Wa ndani ya nchi kwenu ni rahisi zaidi, zawadi ni kuonana. Lakini nauli usitume, hapo wanangu wa kiume mnanielewa, nauli imetumwa, na ya kutolea juu, mtu yuko njiani toka asubuhi na status inaonyesha yuko saluni. Kata tiketi. Kwa Dar na Dodoma treni ya SGR tangu 2024 imeua kisingizio cha umbali, ni kama masaa manne hivi, tiketi inatoka kwa jina lake na kitambulisho chake, sasa hiyo hainunuliwi kope.

Kutuma nje ya nchi, manukato kampuni nyingi za vifurushi zinayakataa au zinayawekea masharti kwa sababu ya spiriti, na pawabenki haikai kwenye begi la kuingia chini ya ndege, inabebwa mkononi, na isizidi wati saa 100, ile ya mAh 20,000 inapita. Wenye watu Uingereza msitume nyama kavu wala maziwa, wanavitupa. Ukimpa msafiri akubebee, ufungue mzigo mbele yake, aone kila kitu, akunje yeye mwenyewe ikibidi, hata kama ni binamu yako, maana akisimamishwa kule ni yeye anayeulizwa siyo wewe. Na kilo mlipeni.

Mnaotaka bangili niandikieni kwenye komenti simu zenu zote mbili ni aina gani, yako na yake, nitawajibu kama mnunue au muache.