Picha ya Kandinsky ya sebuleni, picha safi ila fremu imeniangusha

Jamani hii picha naipenda kwelikweli, ni ile ya Kandinsky, mchoraji Mrusi, ya miraba yenye miduara ndani ya miduara, ya mwaka 1913. Nilitaka kitu cha ukuta wa juu ya kochi ambacho sio simba wala machweo, nikaagiza duka moja la fremu hapa Dar, elfu 95 na boda elfu 5.

Wengi hatujui kwamba yenyewe halisi, iliyoko jumba la makumbusho la Lenbachhaus kule Munich, Ujerumani, ni kapicha kadogo tu kama sentimita 24 kwa 31, jamaa alikuwa anajaribu kwenye karatasi kuona rangi zinakaaje zikipakana. Mimi nikachukua ya upana wa 90, ukiwa umekaa mbali ni tamu balaa, zile nyekundu zinawaka, ila ukiisogelea kingo za miduara zimekuwa ukunguukungu, ningejua ningechukua ya 60. Na wakikwambia bei iko juu sababu ya haki miliki usikubali, Kandinsky amefariki 1944, hiyo haki ilishaisha zamani.

Kabla hujalipa hesabu miraba, iwe 12, minne kwa mitatu. Ya kwanza waliyoniletea miraba ya kulia yote imekatwa karibu nusu ili tu ienee kwenye fremu waliyokuwa nayo dukani, nikairudisha, hawakubishana, siku ya tatu wakaleta nyingine nzima, hapo nawashukuru.

Sasa fremu. Kioo wamekilaza juu ya karatasi moja kwa moja, hawakuweka lile kadi jeupe la kuzunguka picha linaloacha nafasi kidogo, na unyevu wa hapa kwetu mnaujua, masika ilipoingia tu karatasi ikagandia kwenye kioo, kona ya chini kushoto kukawa na doa kama la maji, iliniuma sana. Fundi wa mtaani kwetu akaifungua taratibu kwa wembe, akaweka kadi na hadibodi nene nyuma, elfu 15, doa limebaki dogo la ukubwa wa kucha. Kwahiyo waambieni kadi mapema, msisubiri waulize wao.

Jingine ni mwanga, saa kumi jioni jua likiingia dirishani kioo kinarudisha dirisha zima na picha huioni. Jumamosi naihamishia ukuta wa pili, misumari ya zege nimeshanunua.