Walbro 255 kwenye Mark II ya supachaja: Mbeya inatosha, Dar je?

Ukiitaja kwa namba yake, GSS342, wauza spea wengi watakukodolea macho. Sema "Walbro 255" na kila mtu anaelewa. Ndiyo pampu ya mafuta inayotajwa kwanza mtu akishafunga puli ndogo kwenye supachaja (pampu ya hewa inayozungushwa na injini) ili isukume hewa zaidi, na gari likaanza kukosa mafuta likikanyagwa hadi mwisho. Hapa inaangaliwa ikiwa ndani ya Toyota Mark II GX81 yenye injini ya 1G-GZE: silinda sita, cc 1,988, supachaja ya SC14. Mengi yanaihusu pia Crown yenye injini hiyo na Corolla za 4A-GZE.

Pampu ni nzuri. Kwa gari hili ni kubwa kupita mahitaji, na ukubwa huo una gharama yake. Lakini kabla ya pampu kuna hewa, na hewa ya Mbeya ndiyo inayowadanganya watu.

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa ni karibu bar 0.83. Dar ni bar 1.01. Supachaja ya SC14 haijui kufidia: kila mzunguko inasukuma ujazo uleule, kwa hiyo inazidisha tu hewa inayoikuta. Chukua puli inayozidisha mara 1.6. Dar injini inapata bar 1.62 na geji inasoma 0.6. Mbeya injini hiyohiyo inapata 1.33 na geji inasoma 0.5. Hapo kuna hewa zaidi kwa asilimia 22, na hata ukipunguza kidogo kwa ajili ya joto la pwani, mafuta yanayohitajika yanaongezeka kwa kama asilimia 15 hadi 20. Ndiyo maana gari linalopanda Mlima Nyoka bila kumisi linaweza kuanza kugonga (petroli kujilipukia ndani ya silinda) likishashuka Kitonga na kukanyagwa kuelekea Mikumi. Fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, hakukosea. Alilipima kwenye hewa nyepesi, basi. Mfumo wa mafuta wa gari la supachaja unapangwa kwa hewa ya Dar, hata kama gari linalala Soweto ya Mbeya mwaka mzima.

Sasa hesabu. Supachaja inakula sehemu ya nguvu ya injini, kwa hiyo hesabia gramu 295 za petroli kwa kila farasi kwa saa, wakati injini ya kawaida unaihesabia kama 230. Ukilenga farasi 220 (kiwandani ni 170), hiyo ni kilo 65 kwa saa, yaani kama lita 88. Walbro inatoa lita 255 kwa saa kwenye presha ya bar 2.8 ikipata volti 13.5. Gari likiwa kwenye boost (presha inayoongezwa na supachaja), presha ya reli (bomba linalozigawia nozo za injini mafuta) inafika bar 3.6, na ujazo unashuka. Volti ikianguka hadi 12, unashuka tena kwa kama asilimia 15 hadi 20. Hata ukitoa vyote hivyo, akiba bado ni kubwa. Kwa hiyo usishawishike na ile ya lita 450, F90000267. Kwenye GX81 hiyo itakuletea matatizo ya kurudisha mafuta ambayo hukuwa nayo.

Kuhusu feki: zipo nyingi, na boksi si ushahidi. Kwenye pampu halisi namba ya GSS342 na namba za utengenezaji zimechongwa kwenye bodi ya chuma. Stika peke yake isikuridhishe. Jina la TI likionekana kwenye boksi usiogope, maana TI waliinunua Walbro mwaka 1999. Na ukiuziwa kwa bei ya pampu ya Corolla ya kawaida, unajua umeuziwa nini.

Vinavyokuja nayo

Kiti ya kufungia, yaani vile vifaa vidogo vya kufungia pampu, ndiyo sehemu dhaifu. Kichujio cha mdomoni kinafaa, ila kigeuze kielekee upande uleule wa kile cha zamani na kiguse sakafu ya tenki bila kukunjwa. Kikining'inia juu, tenki likifika robo na ukakata kona, pampu inavuta hewa. Klipu za kukaza kwa bisibisi zinakata mpira; weka zile bapa za EFI zinazobana pande zote sawasawa.

Mpira wenyewe ndio wa kuchungwa kuliko vyote. Ule mfupi unaounganisha pampu na bomba unakaa ndani ya petroli muda wote, na unahitaji kuwa wa daraja la SAE 30R10. Mpira wa mafuta wa kawaida unaokatwa kwa mita dukani umetengenezwa kuguswa na petroli ndani tu. Nje unavimba, unalainika, kisha unapasuka au unachomoka, na presha inaishia ndani ya tenki. Dalili yake inasumbua: gari linawaka vizuri, linatembea vizuri, na linakosa mafuta pale tu unapolikanyaga. Watu wamebadilisha pampu nzima, nzima kabisa, kumbe ni sentimita nane za mpira.

Waya

Pampu hii inavuta kama ampea 8 hadi 10 kadiri presha inavyopanda. Waya wa kiwandani una zaidi ya miaka 30, na umepitia soketi kadhaa zenye kutu. Pitisha waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka betri, fyuzi ya ampea 20 iwe karibu kabisa na betri, na rilei ya ampea 30. Mguu wa 30 unapokea kutoka kwenye fyuzi, 87 unakwenda kwenye pampu, 86 unachukua ule waya wa zamani wa pampu, 85 kwenye bodi. Waya wa zamani ubaki ndio unaoamuru rilei, ili injini ikizimika, au gari likipinduka, pampu nayo izime. Kuna mafundi wanaotoa umeme moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo kwa sababu ni rahisi. Usikubali.

Injini ikiwaka, pima volti penye pampu, kisha pima penye betri. Tofauti ikizidi nusu volti, rudi kwenye eathi kwanza. Mara nyingi kosa liko huko.

Pampu kubwa, njia ndogo

Injini ikizunguka bila kukanyagwa inakula kama lita moja na kitu kwa saa. Kilichobaki, karibu lita zote za pampu, kinarudi tenki kupitia regyuleta (kifaa kinachoshikilia presha ya mafuta) na bomba la kurudishia lililopimwa kwa pampu ndogo. Likizidiwa, presha inapanda yenyewe: ulitaka bar 3, geji inasoma 3.4, gari linanuka petroli na plagi zinakuwa nyeusi. Funga geji kwenye reli, chomoa mpira wa vakyumu kwenye regyuleta, usome. Ikiwa imezidi ile ya kitabu cha gari, kagua kwanza kama bomba la kurudishia limebonyea chini ya gari. Likiwa zima, ndipo ununue regyuleta ya kurekebishwa yenye njia pana.

Jambo dogo la huku juu: ukirudisha mpira wa vakyumu, pwani presha ya bar 3 inashuka hadi kama 2.35. Mbeya inashuka hadi 2.5 tu, kwa kuwa hewa ya nje nayo ni nyepesi. Regyuleta nyingi nzima zimetupwa kwa sababu hiyo.

Zile regyuleta za bei nafuu zinazopandisha presha kwa kasi boost ikiingia, ili nozo ndogo zitoe mafuta mengi, ni kiraka. Zinailazimisha pampu kufanya kazi pale inapotoa kidogo zaidi. Kwa farasi 220, kila nozo inatakiwa itoe kama cc 290 kwa dakika ukiiacha ipumzike asilimia 15 ya muda. Ukibadilisha nozo, pima ohm kwa maltimita: zenye 2 hadi 3 zinahitaji boksi la rezista, zenye 12 hadi 16 hazihitaji. Ukichanganya, unaunguza kontroli boksi (kompyuta ya injini). Na nozo kubwa bila kupanga upya kontroli boksi ni kumwaga petroli tu.

Kupima kabla ya kuamini

Kipimo hiki kinafichua pampu feki na mpira mbovu kwa mkupuo mmoja. Kifanyie nje, injini ikiwa ya baridi, mtungi wa kuzimia moto wa unga ukiwa mkononi mwa mtu mwingine, na jiko la mama lishe la jirani likiwa mbali kweli, si "mbali kidogo". Chomoa mpira wa kurudishia, uingize kwenye dumu. Kwenye boksi la dayagnostiki la Toyota unganisha FP na +B, washa ufunguo bila kuwasha injini. Kwa pampu ya mkono weka bar 0.6 kwenye tundu la vakyumu la regyuleta, ili mfumo uamini uko kwenye boost. Hesabu sekunde 30. Hitaji la farasi 220 ni lita 0.73 tu, lakini Walbro halisi, hata kwa volti 12 za betri, inapaswa kukaribia lita moja na nusu. Ikitoa chini ya 1.2, usiondoke na gari hilo. Shuku mpira wa ndani, kisha waya, kisha pampu.

Baada ya hapo inabaki barabara. Huna haja ya kwenda Dar kupima. Kyela iko kama mita 500 tu juu ya bahari, na hewa yake ina presha ya karibu asilimia 15 zaidi ya ile ya Mbeya mjini. Funga kisoma mchanganyiko cha waidibendi kwenye ekzosti (oksijeni sensa ya kiwandani haitoshi), shuka hadi chini, halafu soma ukianza kupanda kurudi Tukuyu. Mlima unaipa injini mzigo mzito ukiwa kwenye mwendo halali, na mzigo ndio unaotakiwa. Kwenye boost kamili namba, yaani kilo za hewa kwa kila kilo ya petroli, ikae kati ya 11.5 na 12. Ikianza 11.8 halafu ikapanda polepole kuelekea 13 huku mguu haujasogea, mafuta yanakwisha kwenye reli. Inua mguu hapohapo, pistoni haisubiri.

Pampu mpya inakoroga uchafu uliolala tenkini miaka yote. Badilisha filta siku ya kufunga, na tena baada ya kilomita 1,000. Petroli ya kwenye chupa za barabarani iache kabisa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kutia vinasaba (alama ya kemikali ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na mafuta ya taa kidogo tu ndani ya petroli yanaifanya injini ya supachaja igonge hata kama kila kitu kilichoandikwa hapa kimefungwa sawasawa.