Uzoefu wangu na OPM Flow: miezi mitatu ya kuvuta mafuta nikiwa Moshi

Nilimaliza jiolojia mwaka jana nikarudi kwa wazazi, Soweto hapa Moshi, kusubiri kazi. Programu za kuiga mwendo wa mafuta na gesi ndani ya miamba zinauzwa kwa bei ya kampuni, siyo ya mtu anayeomba hela ya bando kwa mama. OPM Flow ni ya bure, msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na inasoma mafaili ya muundo wa Eclipse, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, ambao watu wa fani hii wameuzoea. Nikasema ngoja nijaribu.

Kompyuta yangu ina Windows, kwa hiyo niliweka Ubuntu (mfumo wa Linux) ndani yake kwanza. Ukishafika hapo ni amri chache tu. Jua mapema kwamba Flow yenyewe haina vitufe vya kubofya: unaandika faili la maandishi, unaliita kwenye skrini nyeusi, unasubiri. Jioni yangu ya kwanza yote iliishia kutafuta mkwaju (alama ya /) mmoja niliousahau mwisho wa mstari.

Nilianza na SPE1, mfano wa majaribio wa kulinganisha programu za aina hii, uliotungwa na mtafiti Odeh mwaka 1981. Mwamba umekatwa vyumba 300: 10 kwa 10, tabaka tatu. Kona moja kuna kisima kinachoingiza gesi, kona ya pili kisima kinachotoa mafuta, mapipa 20,000 kwa siku. Hesabu yake nilikuja kuielewa vizuri kwa kukumbuka mfongo, yaani mfereji wa maji, wa babu kule Kibosho. Maji yaliyoingia shambani, toa yaliyotoka, ndiyo yaliyobaki. Na jirani wa juu akifungulia kwake, wewe wa chini unaona tofauti. Kila chumba cha mwamba kiko hivyo. Kasi ya kutoka chumba hiki kwenda kile inafuata kanuni ambayo Henry Darcy aliitoa Ufaransa mwaka 1856 kwa kupitisha maji kwenye mchanga: tofauti ya presha ikiwa kubwa na mwamba ukipitisha vizuri, kasi inapanda, kimiminika kikiwa kizito kama uji, inashuka. Kwa kuwa kila chumba kinamtegemea jirani, huwezi kukokotoa kimoja kimoja. Programu inakisia, inapima kosa, inarekebisha, mpaka vyumba vyote vikubaliane, ndipo inasogea siku nyingine mbele.

Miaka kumi ya kisima ilipita kwa sekunde chache. Nilifungua majibu kwa ResInsight, programu ya kuyaonyesha kwa picha, nayo ya bure, nikaona gesi ikitambaa kutoka kona yake hadi kwenye kisima cha mafuta. Ikishafika, kisima kinatema gesi nyingi na mafuta yanapungua. Darasani tulichorewa hilo ubaoni. Kuliona likitembea ni kitu kingine.

Sasa jambo lililonitisha. Siku moja nilibadilisha mwamba na kuandika uwazi wake (sehemu ya mwamba iliyo matundu ya kushika mafuta) 0.03 badala ya 0.3. Sifuri moja tu. Flow haikulalamika hata kidogo. Iliniletea grafu safi, mafuta yakiporomoka mapema kabisa, nami nikakaa siku mbili nikitunga sababu za kitaalamu za kuporomoka huko! Mkwaju ukikosekana inagoma, ila sehemu kubwa ya mafuta ikipotea inanyamaza. Nilikuwa nimefuta tisa ya kumi ya nafasi yote ya mafuta. Tangu hapo, kabla ya kuangalia grafu yoyote naangalia jumla ya mafuta yaliyomo siku ya kwanza, nalinganisha na hesabu ya kalamu.

Baadaye nilijaribu Norne, uwanja wa kweli wa bahari ya Norwei ulioanza kutoa mafuta mwaka 1997 na ambao data zake zimeachiwa watu wajifunzie. Vyumba hai, yaani vinavyoingia kwenye hesabu, ni zaidi ya 44,000. Feni ya kompyuta ililia kama mashine ya kusaga, umeme ukakatika, nikaanza upya usiku wakati wengine wamelala.

Kama una gigabaiti 8 za kumbukumbu na uvumilivu wa kusoma makosa ya skrini nyeusi, iweke. Mimi SPE10, mfano mwingine wa majaribio wenye vyumba 1,122,000, nimeipakua, ila sijathubutu kuigusa.