Mazda Roadster katika mvua ya Dodoma, paa likiwa limekunjwa

Gari ninalolieleza hapa ni Mazda Roadster ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 1998 na kukoma mwaka 2005, ambayo nje ya Japani hujulikana zaidi kwa jina la MX-5. Ina viti viwili, injini ya lita 1.8 na gia za mkono, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na paa lake ni la turubai, ambalo dereva huachia vifungo viwili juu ya kioo cha mbele na kulikunja nyuma ya viti kwa mkono wake mwenyewe. Nimeitumia kwa misimu miwili ya mvua hapa Dodoma, na swali ambalo sikosi kuulizwa, kuanzia kwa fundi hadi kwa vijana wanaoosha magari Nanenane, ni hili: mvua ikikukuta njiani nawe uko wazi, unafanyaje?

Jibu langu huwachekesha, kwa sababu huwa ninaendelea na safari. Kioo cha mbele kimelala kiasi kwamba upepo hukipanda, ukaruka ukingo wake na kupita juu ya vichwa vya waliokaa, ukiyabeba matone hadi kwenye buti. Vioo vya milango vikiwa vimepandishwa na mwendo ukifika kilometa 80 kwa saa au zaidi kidogo, mvua ya kawaida haikugusi. Unaiona ikikipiga kioo, unanusa udongo uliokaa mkavu tangu Aprili, na shati linabaki kama lilivyotoka kupigwa pasi. Tulipojaribu kwa mara ya kwanza, mwezi Januari tulipokuwa tumeipita Chamwino, mke wangu hakuamini hata akanyoosha mkono juu ya kioo cha mbele, akaurudisha umelowa hadi kwenye kiwiko.

Lakini paa hilo la upepo lipo tu gari likiwa linakimbia, na barabara ya Dodoma kwenda Morogoro haikuachi ukimbie kwa muda mrefu. Buigiri, Mbande, Kibaigwa, kote utakutana na kibao cha 50, matuta, kivuko cha watembea kwa miguu na, usipoangalia, askari mwenye tochi ya kupima mwendo ambaye hatajali kwamba unaongeza mwendo ili usilowe. Katika mwendo wa 50 matone huanza kukufikia kwenye paji la uso, na gari linapotambaa juu ya tuta mvua huingia yote kama ilivyo. Pale Mbande mama mmoja aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchemsha chini ya mwavuli alituita kwa huruma, "Mwanangu, paa limeng'oka?" Nilipomjibu kwamba ni mimi niliyelikunja, alimtazama mke wangu kwa muda mrefu bila kusema neno, na tangu siku hiyo sijakipita kijiji kwenye mvua bila kusimama kwanza pembeni na kulifunga. Kulifunga ni kazi ya sekunde chache, hata bila kushuka kitini, na hilo nalihesabu kuwa sifa kubwa kuliko zote za gari hili, maana hakuna mota ya kugoma.

Malori nayo ni habari nyingine. Matela yanayokwenda Rwanda na Kongo hurusha ukungu wa maji ya tope ambao hauji kutoka juu bali ubavuni, na dhidi yake upepo hausaidii kitu.

Kuhusu ushikaji wa barabara, gari lina uzito wa tani moja na kidogo, kwa hiyo mvua za kwanza, ambapo maji huchanganyika na vumbi na mafuta ya miezi mingi, zinataka tairi zenye kashata nzuri, yaani mifereji ya tairi ambayo haijalika, na mguu mwepesi kwenye mafuta, hasa unapotoka kwenye kona. Chini liko karibu mno na ardhi kwa barabara za mitaa yetu ambazo hazijawekewa lami. Huko silipeleki hata kiangazi.

Maji yaliyonikera zaidi, hata hivyo, hayakuingia kwa juu. Turubai likiwa limefungwa, maji yanayolitiririka upande wa nyuma hupokelewa na mfereji mdogo, yakashuka kwa mirija miwili iliyopo nyuma ya viti, mmoja kila upande, na kutokea chini ya gari mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Vumbi letu jekundu likichanganyika na majani huigeuza mirija hiyo kuwa vizibo vya udongo, na mimi, kwa uzembe wangu, sikuisafisha kiangazi kizima. Mvua ya Desemba ilipoanza, gari lililala uani likiwa limefungwa vizuri, na asubuhi nikakuta kapeti linaelea, baada ya safari zote zile za wazi ambazo ndani palibaki pakavu.

Kwa hiyo anayekwenda kulikagua gari hili kabla ya kulinunua achukue jagi la maji, ayamwage taratibu kwenye mfereji ulio nyuma ya kiti cha dereva, kisha ainame kutazama kama yanatokea chini. Yasipotokea, ashike kapeti.