“To buy” au “buying”?
Kiswahili kina “kununua” moja tu. Kiingereza kinakulazimisha uchague, na hapo ndipo wanafunzi wangu wa Kigoma hukwama. Binti mmoja aliandika “I stopped to buy dagaa at Kibirizi”, akitaka kusema ameacha kununua dagaa pale. Kumbe sentensi yake inasema alisimama njiani ili anunue! Alihitaji “stopped buying”.

“Remember” nayo ni hivyo hivyo: “remember to lock”, mlango bado hujaufunga, “remember locking”, ulishaufunga na unakumbuka.

“Want” na “decide” hufuatwa na “to”, ila “enjoy” na “finish” hufuatwa na “-ing”. Hizo kariri tu. Ila “look forward to seeing” iangalieni vizuri: “to” hiyo ni kihusishi (kama “at” au “for”), ndiyo maana kitenzi kinachofuata kina “-ing”.